Harufu ya Saguti

Watu wakiingia kwangu mara ya kwanza huangaza macho huku na huku wakitafuta ubani. Wameambiwa hapa panarudishwa harufu za marehemu, kwa hiyo wanatarajia chetezo, mkeka, na pengine mzee mwenye tasbihi ndefu. Wanachokuta ni pipa kubwa la chuma lililolazwa ubavu, pampu zinazonguruma, na mimi Mwanaidi, mwanamke mnene mwenye koti jeupe, nikiwaomba wavue viatu na wasiguse kitu. Wengi hawafichi kwamba nimewaangusha. Nimeshazoea.

Salha hakuangaza macho popote. Alikaa, akaweka mapajani mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, akaufunika kwa mikono yote miwili. Mkwewe, Bi Mwanamvua, alikaa kando yake. Nilimwamkia, akaitikia kwa ukunjufu, akanipa pole ya kazi kabla mimi sijapata nafasi ya kumpa pole ya msiba. Ndivyo walivyo mabibi wa Korogwe. Wamefiwa wao, lakini anayebembelezwa ni wewe.

Marehemu alikuwa mtoto wa Salha, wa kwanza, aliyepewa jina la babu yake, Saguti. Hakuwahi kufika umri wa kukaa. Macho yalianza kuwa ya manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyokaa sana, kisha akapauka mpaka kucha zikawa nyeupe. Madaktari waliona kwamba damu yake ilikuwa inavunjika mwilini. Kwa nini inavunjika, hawakujua, na hawakupata muda wa kutafuta. Salha alinisimulia yote hayo bila kulia, akitazama mfuko wake.

Siku hizi kila mtu anajua utaratibu. Nguo moja ya marehemu haifuliwi. Inafungwa isipitishe hewa, na arobaini ikishapita inaletwa kwenye Nyumba ya Harufu. Sisi tunaisoma, tunatengeneza harufu ile ile, tunaitia kwenye chupa ndogo, na familia inarudi nyumbani na kitu cha kushika. Mimi huwaomba kwanza wanieleze kwa maneno yao marehemu alinukaje, kwa sababu mashine hunionyesha kilichokuwepo, lakini hainionyeshi kilichopendwa.

Salha alifikiri. Alisema Saguti alinuka maziwa yaliyochacha kidogo kwenye mikunjo ya shingo, na mafuta ya nazi. Halafu kulikuwa na kitu kingine, kikavu, kikali kidogo, kinachopanda puani ukimkumbatia.

"Hicho ndicho chake hasa," alisema. "Tangu siku ya kwanza alipovalishwa. Dada, nakuomba usikiache hicho."

Bi Mwanamvua ndiye aliyenieleza kuhusu nguo yenyewe. Ilikuwa fulana ya mwanawe Mhina, mume wa Salha, ya wakati akiwa mchanga. Katika ukoo wao mtoto hagusi nguo ya dukani kabla ya kupita kwenye nguo za baba yake, na yeye alikuwa amezitunza miaka yote hiyo bila hata moja kutoboka. Alisema hayo kwa fahari, na kweli alistahili kujivuna, maana fulana ilikuwa nzima kama imeshonwa juzi. Kisha akaonyesha kwa kidevu tumbo la Salha, ambalo kanga ilikuwa inalificha nusu nusu.

"Huyu anayekuja naye zitamfaa. Nimeshazitoa, nazianika."

Niliwaambia jambo ambalo lazima niwaambie wote: nguo ikishasomwa hairudi. Mashine inaila. Salha alifungua lile fundo taratibu, akainama, akanusa mara ya mwisho, akanikabidhi.

*

Wageni huniuliza mashine inafanyaje kazi, nami huwajibu kwa kifupi ili wasisinzie. Kipande cha nguo kinawekwa kwenye kikombe cha chuma na kupashwa moto polepole. Gesi ya neoni yenye unyevu kidogo inapita juu yake na kubeba kila kinachoruka. Kisha mchanganyiko huo unafyatuliwa kupitia kitundu chembamba kuingia ndani ya pipa, ambamo tumeshanyonya hewa yote. Ukitoka tu pale unatawanyika na kupoa ghafla, ubaridi ambao hata kilele cha Kilimanjaro hakiujui. Molekuli zikipoa hivyo zinaacha pupa, na zikiacha pupa zinashikana. Haidrojeni ya moja inaegemea oksijeni ya nyingine. Ni mshiko dhaifu mno, ambao kwenye joto la chumba ungeachia kabla hujaujua, lakini ndani ya pipa unadumu kiasi cha kutosha. Hapo tunazipiga pigo fupi la mawimbi mikro, zinazunguka pamoja, na zikizunguka zinarudisha mawimbi yao wenyewe. Kila jozi ina mistari yake kwenye skrini, na mistari hiyo haifanani na ya jozi nyingine yoyote.

Waliojaribu kazi hii kabla yetu walihesabu viungo tu. Walijua marehemu alikuwa na asidi fulani ya jasho, mafuta fulani, maji, wakavichanganya, na chupa zao zikanuka kama duka la dawa. Harufu ya mtu inatokana na nani kamshika nani. Jasho la mama yako na jasho langu vina viungo karibu vile vile. Tofauti iko kwenye mishiko.

Mistari ya Saguti ilianza kutoka vizuri. Asidi ya maziwa ikiwa imeshikana na maji niliitambua mara moja, na mafuta ya nazi pia, mengi. Nilifanya kazi nikiwa na huzuni ya kawaida, ile ninayokuwa nayo kila wanapoleta nguo ndogo. Halafu chini ya mistari hiyo nikaona familia nyingine ya mistari, imepangika vizuri kabisa, na kompyuta haikuipa jina.

Nilishuku maji yamo, kwa sababu maji hayakosekani. Nikafunga bomba la unyevu wa kawaida, nikaweka maji mazito, yale ambayo haidrojeni yake ina uzito maradufu. Mistari yote ya familia ile ikasogea. Kwa hiyo mmoja wa wale wawili alikuwa maji, na kilichobaki ni kumjua mwenzake. Mzunguko unakupa umbo la kinachozunguka, ukiwa na subira ya hesabu. Nilipomaliza hesabu nilipata kitu bapa, pete mbili zilizoungana ubavu, na molekuli ya maji imekaa juu yake, haidrojeni zikiwa zimegeukia chini.

Kitu hicho kikiwa peke yake ni bubu. Kimelingana pande zote, umeme wake haukuelemea popote, na mawimbi mikro hayapati pa kukishika. Ningekipiga mwaka mzima kisingejibu. Kilijibu kwa sababu tone la unyevu lilikiegemea.

Ilikuwa nafthalini. Ni vile vidonge vyeupe vinavyotiwa kwenye masanduku ya nguo kuzuia nondo.

Kwanza nilifurahi, na nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimekipata kile kitu kikavu, kikali kidogo, alichoniomba Salha nisikiache. Niliinuka kwenda kunywa maji, na kabla sijafika mtungini nikakumbuka macho ya manjano na mkojo mweusi. Nilikaa pale pale sakafuni na koti langu jeupe.

Wapo watoto katika bonde letu wanaozaliwa damu yao ikiwa imepungukiwa kimeng'enya kimoja. Hawana ugonjwa. Tena upungufu huo unawasaidia kidogo na malaria, ndiyo maana umeenea huku kwetu kwenye mbu wengi. Wanaweza kuishi hadi uzee bila kujua kama wanao, mradi wasikutane na vitu fulani, dawa chache na vyakula vichache. Nafthalini ni mojawapo. Inapita kwenye ngozi ya mtoto, inapita kwenye pumzi, na chembe nyekundu zinapasuka. Ngozi ikiwa imepakwa mafuta, inapita upesi zaidi.

Nilirudi kuitazama ile mistari ya mafuta ya nazi. Ilikuwa mirefu kuliko yote.

*

Daktari Shundi ndiye mkuu wa Nyumba yetu. Si mtu mbaya, na ninamheshimu. Kwenye droo ya meza yake kuna chupa ya mkewe, na siku ambazo mlango wake umefungwa sisi wote tunajua asibishiwe hodi. Nilimwonyesha mistari, nikamweleza ugonjwa wa mtoto, nikamwambia kuna mwingine tumboni na nguo ziko juani zinamsubiri.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika na nafthalini. Kimeng'enya sijakiona, mashine yetu haisomi damu, na mtoto ameshazikwa. Nilichonacho ni mistari ya nguo, ugonjwa unaofanana kabisa, na hofu.

"Basi huna hakika," alisema.

Sote tunaofanya kazi hii tumekula kiapo. Nguo haitoi ushahidi. Tunarudisha harufu, haturudishi habari. Kiapo hicho hakikutoka hewani, na Daktari alinikumbusha kilikotoka, ingawa nilikuwa nakijua kisa chenyewe. Miaka ya mwanzo, fundi mmoja huko milimani alimwambia mjane wa kiume kwamba kitenge cha marehemu mkewe kina jasho la mwanamume mwingine. Yule bwana akawafukuza watoto nyumbani, akisema hajui ni wa nani. Baadaye ikaja kugundulika kwamba jasho lile lilikuwa la kaka wa marehemu, aliyembeba mgongoni kumpeleka hospitali. Watoto walikuwa wameshatawanyika.

Nilimwambia hii ni habari nyingine. Akasema kila fundi angesema hivyo kuhusu habari yake. Alinitaka nifikirie nyumba ile siku nitakapokwisha kusema: bibi atatazamwaje na mwanawe, na mke ataishije na bibi, kwa jambo ambalo mimi mwenyewe sina hakika nalo. Akaniagiza nafthalini isitiwe kwenye chupa, nami hata bila yeye nisingeitia, na akaahidi kuandika tangazo kwa zahanati zote za wilaya, akina mama wafue nguo za zamani na waziache muda mrefu juani.

Nilimjibu kwamba tangazo halitaingia kwenye sanduku la Bi Mwanamvua. Aligeukia dirishani, nami nikatoka nikiwa na hasira naye, na hasira hiyo haikunisaidia, kwa sababu kwa sehemu kubwa alikuwa anasema kweli.

*

Walirudi wote wawili. Desturi yetu ni mama mzazi kunusa kwanza, peke yake, ili alie anavyotaka bila kuangaliwa. Bi Mwanamvua alibaki barazani, amekaa na mkoba wake. Nilimfungulia Salha chupa, nikamsogezea karibu na uso.

Alifumba macho. Mkono wake wa kushoto ulipanda wenyewe hadi begani, ukakaa pale kama unashika kisogo cha mtoto, na kwa muda akawa anapumua tu, polepole. Sikuwahi kuona mtu akifurahi hivyo na kuumia hivyo kwa wakati mmoja. Halafu mkono ulishuka.

"Ni kama yeye," alisema. "Lakini siye. Kile nilichokuomba hakimo."

Ningeweza kusema mashine haikukiona. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, na angeyaamini, watu huamini lolote kuhusu mashine. Lakini tumbo lake lilikuwa limeshakuwa kubwa kuliko siku ile, na kanga haikulificha tena. Nikamwambia. Nilimweleza kidonge ni nini, kinafanya nini kwenye damu ya baadhi ya watoto, na kwamba sina hakika, ila ningekuwa mimi nisingesubiri hakika. Nikamwambia mtoto huyu akizaliwa apimwe damu, tone moja la kisigino linatosha, na kabla ya hapo nguo zile zisimguse.

Pampu zilikuwa zinanguruma, na kwa mara ya kwanza niliona aibu na kelele zake.

"Nilikuwa nampaka mafuta mengi," alisema hatimaye. "Ngozi yake ilikuwa kavu."

Nilimshika mkono. Nilimwambia asijiadhibu kwa mafuta, hakuna mama duniani asiyempaka mtoto mafuta. Sidhani kama alinisikia. Aliniuliza kama mama mkwe wake anajua, nikasema hajui. Kisha akaniomba jambo nililoliogopa tangu mwanzo. Alitaka nimtilie kile kitu kwenye chupa, kidogo tu, anuse mara moja, Saguti kama alivyokuwa.

"Siwezi, mdogo wangu. Unabeba."

Alitazama tumbo lake kwa mshangao, utadhani limewekwa pale sasa hivi. Akaweka mkono juu yake. Hapo ndipo alipolia, na ninajua alikuwa anamlilia nani, kwa sababu mimi ndiye niliyeila nguo yake ya mwisho.

Alipotulia alijifuta kwa ncha ya kanga, akaanza kupanga. Alisema mama asiambiwe. Alizeeka akizitunza zile nguo, na yule mtoto alilala kifuani kwake kuliko kwa mtu yeyote. Angemwambia ameota marehemu babu, mwenye jina, anadai nguo za mjukuu wake zizikwe kando ya mtoto. Katika ukoo wao mwenye jina akija ndotoni akaomba kitu, hapewi sababu za kukataliwa. Nguo zingekwenda ardhini, na mambo yangeishia hapo. Aliniomba nimwite mama.

Bi Mwanamvua aliingia akiwa ameshavua viatu. Alichukua chupa kwa vidole viwili, akanusa, na uso wake wote ukalegea.

"Ndiye," alisema. "Mjukuu wangu ndiye huyu kabisa. Hakikupungua kitu."

Nilimtazama, kisha nikaelewa. Mwanamke huyu amelala kando ya masanduku yale maisha yake yote. Nafthalini kwake si harufu, ni hewa ya chumbani kwake. Hakuwahi kuinusa kwa Saguti hata siku moja. Nilitamani kutoka nje nisiendelee kuona.

Salha naye alielewa, kwa maana alisema upesi, "Ndiye, mama," na sauti yake haikutetereka. Kisha akaieleza ile ndoto. Aliieleza vizuri, akasema babu alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake, anadai nguo. Bi Mwanamvua alisikiliza akitikisa kichwa, machozi yakishuka bila yeye kuyafuta. Hakubisha hata kidogo. Alisema mume wake tangu enzi za uhai alikuwa mtu wa kudai chake, na kwamba kesho yake angezifunga mwenyewe kwenye sanda nyeupe.

Nilishusha pumzi. Salha pia, nilimwona mabega yakishuka.

Bi Mwanamvua alimshika mkwewe tumboni, taratibu, akataka kumfariji.

"Wala usisikitike kwamba huyu atakosa," alisema. "Kuna sanduku la wifi yako, liko chini ya kitanda changu. Nalo nimelitia dawa kwa mkono wangu kila mwaka. Hakuna nondo aliyeligusa. Atavaa, mwanangu, atavaa tena atapendeza."

Salha alinitazama. Sijui alitaka nini kwangu. Pengine ndoto nyingine. Sikuwa nayo. Angeweza kuota babu akidai sanduku la pili, na baada ya hapo mto, na shuka, na chumba chenyewe ambamo mtoto angelazwa kifuani kwa bibi yake. Nilifungua mdomo niseme mimi, kwa kuwa kiapo nilikuwa nimeshakivunja na Nyumba isingenibakiza kwa vyovyote. Salha aliinua kiganja, akanizuia.

"Dada, tuache kidogo," alisema. Kisha akavuta kiti kilichokuwa kitupu, akakisogeza karibu na cha kwake. "Mama, kaa hapa."

Nilizima pampu nikatoka, nikasimama barazani upande wa pili wa mlango. Nyumba ilikuwa kimya ambavyo haijawahi kuwa. Nilisikia sauti ya Salha ikienda chini chini, bila kusimama, kwa upole, kama mtu anayemsomea mwingine. Nilisubiri kilio na hakikuja. Nilichosikia ni Bi Mwanamvua akiuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa vizuri asije akakosea.

"Nguo zipi, mwanangu?"

Salha alijibu jambo nisilolisikia. Bi Mwanamvua akauliza tena vile vile, nguo zipi.